Redio Iliyotangaza Walio Hai

Tulimzika Gaspari huko Nyarusange, kwenye shamba lake mwenyewe, pale ambapo kahawa inaishia na migomba inaanza. Baada ya kunawa mikono tuliketi kwenye mabenchi ya kuazima kanisani, na watu wakaanza kueleza mema ya marehemu: kwamba alikuwa mkulima mwaminifu, shemasi asiyechelewa ibada, fundi aliyefufua redio na simu za kilima kizima. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyeutaja mwaka wetu wa Muyinga, na nilipoangalia huku na huku niliona kwamba pale hapakuwa na mwingine wa kuutaja. Mjane wake aliniegemea akaniambia, "Shemeji Zakaria, mwaka ule alikuwa akiusema akipata homa tu. Mi nilidhani ni ndoto." Nikamwambia haikuwa ndoto. Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na akili timamu, na kwa kuwa wa kunisahihisha hayupo tena, nitaandika polepole ili nisimsingizie mtu.

Wakati ule mimi na Gaspari tulikuwa vijana tuliorudi kutoka Tanzania, na tulikuwa na chumba kimoja katika mtaa wa Magarama, mjini Gitega. Mbele ilikuwa meza ya kutengenezea redio, nyuma ya pazia vitanda viwili na jiko la mkaa. Kila siku tulikula maharage na ndizi za kupika, na siku ya soko tuliongeza ndagala, yaani dagaa. Gaspari alijua waya na mikono yake. Mimi nilikuwa nimejifunza kuandika programu za kompyuta katika chuo cha kanisa, kwa mmisionari mzee aliyependa kutufundisha yaliyo ndani ya mashine kabla ya yaliyo juu yake. Mchungaji Silasi alipotupigia simu kutoka Muyinga, tulikuwa mezani. Alikuwa msimamizi wa redio ndogo ya kanisa huko, mtu mpole, wa maneno ya kupimwa. Siku hiyo hakusalimia. Alisema, "Njooni. Redio yetu inatangaza walio hai." Gaspari aliendelea kutafuna, kisha akaacha.

Kwa asiyeijua nchi yetu lazima nieleze. Kwetu mtu akifariki, habari yake husomwa redioni, ili ndugu walio kwenye vilima vya mbali wapate kufika mazishini. Tangazo la namna hiyo likianza, watu hunyamaza hata sokoni. Mama hushika mwiko bila kukoroga. Katika redio ile ya Muyinga, kabla ya matangazo ya vifo zilitangulia salamu: fulani anamsalimu fulani, anawatakia heri waliofunga ndoa. Zote mbili, salamu na vifo, zilisomwa kwa Kiswahili na sauti moja, ya Mama Riziki, Mkongomani wa upande wa Uvira aliyekimbia vita akaolewa na kufiwa na mume papo hapo Muyinga. Kwa sababu umeme ulikuwa hauaminiki alizirekodi asubuhi, na kompyuta ikazirusha wakati wa chakula cha mchana. Ndipo ilipoanza. Katikati ya maneno "tunasikitika kuwatangazia kifo cha," mahali pa jina la marehemu, lilitoka jina la mtu aliyesalimiwa dakika ile ile, mzima, akiwa amekaa na bakuli lake. Wa kwanza alikuwa Mzee Tadeo, muuza majembe. Watu walicheka, naye akacheka. Wiki haikuisha, akafa usingizini. Wa pili alikuwa bibi harusi mmoja, Vestina; gari la mizigo lilimgonga kwenye barabara ya kwenda mpakani Kobero. Baada ya hapo hakucheka mtu.

Tulipofika Muyinga tayari alikuwepo wa tatu, naye alikuwa hai bado. Aliitwa Fransisi, muuza mbao, mtu mkubwa mwenye shingo ya ng'ombe dume, na wanawe watu wazima waliofanya kazi ya kupakia malori. Tulimkuta kwenye ua wa redio, amesimama mlangoni, haingii wala hatoki. "Nyinyi ndio mafundi?" akatuuliza. Tukasema ndiyo. "Bon. Mi sina shida na mafundi. Mi niko mtu wa maombi. Lakini nimeshaambia watoto yangu: mi nikienda, yule mwanamke hatabaki hapa." Hakuinua sauti. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya ubao. Nimesikia vitisho vingi maishani, na vilivyonitisha kwelikweli ni vile vilivyosemwa kwa utulivu hivyo. Tangu saa ile tulielewa kwamba kazi yetu haikuwa redio. Kama mtu yule angeugua hata mafua, Mama Riziki angekuwa hatarini.

Yeye mwenyewe tulimkuta studio, chumba kilichobandikwa magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi, chenye joto la chumba cha mgonjwa. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cha manjano, na mbele yake palikuwa na chai iliyopoa ikafanya ngozi. Gaspari alimwuliza kama huenda alichanganya karatasi. Akamtazama bila hasira. "Mi nilisoma salamu ya Mzee Tadeo, nikafunga. Nikaenda kwa tangazo ya maiti, nikafunga. Sikuchanganya, fundi. Sikiliza mwenyewe." Tukazisikiliza rekodi. Zilikuwa safi, kila jina mahali pake. "Umeona? Mashini njo inachanganya. Lakini nani atakamata mashini? Mashini haina nyumba ya kuchoma." Akachukua ile chai akainywa yote, na ngozi yake.

Tulilala kwa Mchungaji Silasi, katika chumba cha wageni kilichopakana na jiko la nje. Asubuhi wanawake wa kanisa walikaa chini ya dirisha letu wakimenya maharage, na kwa kuwa hawakujua kama tumo, au hawakujali, tuliyasikia yote. "Wanasema Fransisi hali tena nyama." "Kwa nini?" "Anaogopa mfupa." Wakaangua kicheko. "Hata ngazi hapandi. Mbao za juu anawaambia wateja wapande wenyewe." Kicheko tena. Kisha sauti ya mwanamke mkubwa zaidi: "Chekeni. Akifa mtacheka? Watoto yake wameshanunua petroli, na pikipiki hawana." Yakasikika maharage tu yakianguka kwenye sufuria. Gaspari alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga upya.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, maana marehemu angechukia niuruke. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya sauti, na kuna programu ndogo inayoiongoza. Mafundi tunaiita draiva. Draiva huweka sauti vipande vipande katika nafasi ndogo iliyopangwa kwa duara, na kadi huzunguka duara lile ikicheza kipande baada ya kipande. Ikimaliza kimoja, hupiga hodi kwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: nimemaliza, sogeza alama. Wakati huo huo programu ya matangazo nayo inaingiza vipande vipya na kusogeza alama hiyo hiyo. Wawili wakisogeza alama moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa ameisoma kabla mwenzake hajaiandika, hatua moja inapotea. Kadi inarudi nyuma, na badala ya kipande kipya inacheza kile cha zamani ambacho hakijafutwa. Kipande cha zamani kilikuwa ni jina kutoka kwenye salamu. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mauti pale Muyinga: jina la kitambo kidogo, lililosahauliwa kwenye duara.

Lakini kuyajua hayo tulichukua majuma. Mwanzoni hatukuelewa kwa nini miaka yote redio ilikuwa imetulia, mpaka Mchungaji Silasi alipotaja, kama jambo la kupita, kwamba kompyuta ni mpya, zawadi ya marafiki wa ng'ambo; iliyokuwepo zamani ilikuwa na prosesa ya kichwa kimoja, hii ina vichwa viwili. Alipoona nyuso zetu akasema, "Nimekosea kuipokea?" Nikamwambia hapana. Aliyeandika draiva ile zamani alikuwa mtu mwangalifu: kila alipotaka kusogeza alama aliufunga mlango, hodi isisikike mpaka amalize. Kwa nyumba yenye mlango mmoja hiyo inatosha. Katika nyumba yenye milango miwili anafunga wake, na hodi inaingia kwa kule kwingine. Hakuna aliyefanya ubaya. Mtoaji alitoa kwa moyo, mpokeaji alipokea kwa shukrani, mwandishi aliandika vizuri kwa siku zake. Mpaka leo, nikisikia watu wakimtafuta haraka mwenye kosa la msiba fulani, nakumbuka milango ile miwili na naomba Mungu awape subira ya kutazama kwanza.

Subira, hata hivyo, ndiyo iliyotuponza. Tulilelewa katika kanisa lililotufundisha kwamba anayengoja kwa utulivu hapotezi, nasi tuliitengeneza draiva kwa imani hiyo. Tuliweka kufuli moja juu ya ile alama: anayetaka kuisogeza alishike kufuli, akikuta limeshikwa, alale mpaka aamshwe. Lilikuwa jambo la heshima, kama wageni wanaosubiri kibarazani. Tulilijaribu asubuhi nzima, likafanya kazi. Mchana tukaiachia redio iende hewani, tukaketi na Mama Riziki kwenye ua tukila bugari la muhogo na isombe, mboga ya majani yake, tukisikiliza redio ndogo iliyotundikwa kwenye mti wa mpera. Salamu zikapita. Tangazo la kifo likaanza, jina sahihi, la bibi mmoja wa kilima cha jirani. Gaspari alianza kutabasamu. Ndipo tukasikia: "ametutoka." Kisha tena: "ametutoka." Na tena, na tena, bila pumzi katikati, sauti ya Mama Riziki ikigonga neno lile moja kama mtu anayepigilia jeneza. Yeye alikuwa amekaa kati yetu, mdomo umejaa isombe.

Nilikimbia ndani. Kompyuta ilikuwa imeganda, haisikii kitufe chochote, na kadi, isiyojua kwamba bwana wake amekufa, ilikuwa inazunguka duara lake ikicheza kipande kilichobaki. Nikang'oa waya ukutani. Kisha jiwe la kwanza likagonga bati la paa, na la pili likagonga lango. Nilipotoka, Mama Riziki hakuwa amesogea. Alikuwa anakusanya sahani. "Njo hivyo," akasema. "Leo imeita mji muzima." Mchungaji Silasi alisimama langoni, bila kofia, mikono mitupu, akazungumza na waliokuwa nje mpaka wakaenda zao. Sikuyasikia maneno yake. Niliona tu mgongo wake, shati likiwa limeshikana na ngozi kwa jasho, na tangu siku ile nimeelewa upole unagharimu nini.

Gaspari ndiye aliyeiona sababu, na aliiona kanisani, kwenye kesha fupi la jioni la kumwombea Mama Riziki. Wazee wawili walikuwa wamesinzia mbele yetu. Akaninong'oneza, "Zaka, ile hodi hairuhusiwi kulala." Nikamwangalia. "Kadi inapopiga hodi, prosesa inaacha kila kitu kuipokea. Yule anayepokea, akikuta kufuli limeshikwa na akalala, nani atamwamsha? Aliyeshika kufuli ndiye huyo huyo aliyekatizwa. Wote wawili wamelala mlangoni." Nilitaka kucheka na kulia. Kuna kungoja kwa kulala na kuna kungoja kwa kukesha, na tangu utoto tulihubiriwa tofauti yake; sisi tulikuwa tumeisikia kama habari ya roho peke yake. Lile kufuli lilitakiwa kuwa la namna ya pili: anayengoja asimame pale pale mlangoni, macho wazi, akigusa kitasa bila kuchoka, na aliyelishika kwanza aizuie hodi ya upande wake, kisha afanye haraka na kutoka. Nimeishi miaka mingi tangu hapo nikiwa mtu wa kungoja. Nashukuru kwamba nilifundishwa mapema ni kungoja kwa namna gani.

Kuandika dawa hiyo hakukuchukua muda. Mchungaji Silasi akasema, "Basi iwekeni, yaishe." Gaspari akakataa. "Mchungaji, tukiiweka kimyakimya na redio ikatulia, watasema nini? Watasema mchawi ameogopa maombi. Atabaki mchawi milele, ila sasa atakuwa mchawi aliyeshindwa. Lazima ugonjwa uonekane kwa macho kabla ya dawa." Mchungaji alitembea kutoka ukuta mmoja wa studio hadi mwingine, vidole vikipapasa yale magodoro. Akatuma mtu kwa Fransisi.

Alikuja na mwanawe mkubwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilicholalamika chini yake. Tulimwekea Mama Riziki kiti mbele yake, pembeni ya mashine, mbali na kinasa sauti. Nilikuwa nimeirudisha draiva ya zamani na kuongeza ndani yake kuchelewa kidogo, ili wale wawili wanaosogeza alama wagongane kila mara badala ya mara moja katika siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa salamu ya kuchezea, na salamu inahitaji jina. Tulikuwa waumini, tulikuwa tumeimba asubuhi ile kwamba hatuogopi kaburi, na hakuna aliyetoa jina lake. Mwana wa Fransisi akamtazama babaye. "Usithubutu," Fransisi akamwambia. "Wekeni jina ya mbuzi."

"Watasema ni kwa sababu ni mbuzi," Gaspari akajibu, naye akafumbua kinywa kutaja lake. Nikamtangulia. Siwezi kusema ilikuwa imani. Yeye alikuwa na mchumba Nyarusange, mimi sikuwa na mtu, na hesabu hiyo ilipita kichwani haraka kuliko sala. "Andika Zakaria," nikasema. "Zakaria fundi, wa Magarama."

Mama Riziki alinigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Oya. Sisomi. Kesho ukishikwa na malaria, mi nitasema nini? Huyu atakuwa na sababu mbili." Akamwonyesha Fransisi kwa kidevu. "We unacheza na maisha ya nani, fundi? Ya kwako ao ya kwangu?" Alikuwa na haki. Nilimwambia kweli tu: kwamba kama hatasoma, sababu moja inatosha kumuua. Kisha akasogea kwenye kinasa sauti, akasoma salamu yangu kwa sauti nzuri ile ile, akasoma tangazo la kifo lisilo na jina la mtu, akarudi kwenye kiti chake. Akaziba mdomo wake kwa viganja viwili, ili ionekane.

Nikaicheza. Salamu ikatoka sawasawa. Kisha ikasema: "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha Zakaria fundi, wa Magarama. Mazishi yatafanyika." Nilikuwa nimeijua kila hatua ya jambo lile, nilikuwa nimelisababisha kwa mikono yangu, na bado nywele za shingoni zilinisimama. Tukaicheza tena. Ikasema vile vile. Mwana wa Fransisi aliamka akazunguka mashine, akatazama nyuma yake, akamtazama Mama Riziki aliyeziba mdomo. Fransisi hakuamka. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza usoni mwake niliona kitu kama furaha. "Yewe," akasema. "Sasa tuko wawili." Tukakubaliana hivi: Gaspari aweke dawa, na Mama Riziki asiguswe, ila tungoje tuone. Tungoje tuone nini, hakuna aliyesema.

Jumapili iliyofuata niliamka natetemeka. Nilijua ni malaria kabla sijafumbua macho, mifupa inakuambia. Muuguzi wa zahanati alinipa dawa, akanitazama kwa huruma iliyozidi ugonjwa wangu, nikajua habari zimemfikia. Chini ya dirisha, wanawake wa maharage hawakucheka tena. "Ameanza," mmoja alisema. "Na yule mama anamletea uji mwenyewe, kwa mkono wake!" Kweli alikuwa ananiletea, uji wa mtama wenye asali. Mchungaji alimshauri aache, watu wasije wakasema. Akamjibu kwamba watasema akileta na watasema asipoleta, na mgonjwa hali maneno ya watu. Alikuwa ananikalia mpaka niumalize, kikapu chake cha nguo kikiwa mlangoni kimefungwa tayari kwa safari ya Kobero, na aliponiona nakitazama akakisogeza kwa mguu nyuma ya mlango.

Fransisi alikuja kila asubuhi. Alisimama dirishani, kivuli chake kikaujaza ukuta wote. "Fundi. We uko?"

"Niko."

"Umekula?"

"Nimekula uji."

"Wa nani?"

"Wa Mama Riziki."

Ningesikia anavyopumua. "Hata mi nimekula. Mkate." Kisha angeondoka, na nje ya lango ningesikia wanawe wakimwuliza, naye akiwajibu, "Bado. Iko hai." Siku homa ilipopanda sana nilishindwa kumjibu. Aliita, akaita tena. Mwisho akaingia ndani, mtu yule asiyethubutu kupanda ngazi, akapiga magoti kando ya kitanda kwa kishindo na kuniombea kwa Kirundi, sauti ikimtetemeka. Aliniombea kwa bidii sana, na katikati ya moto wa kichwa nilielewa kwamba anajiombea mwenyewe, na kwamba bila kujua anamwombea pia yule mwanamke aliyemwogopa. Mungu anaziokota sala za namna hiyo. Sijui kama nimewahi kuombewa kwa moyo zaidi.

Homa ilishuka. Niliweza kusimama, kisha kutembea hadi ua, kisha, kwa kushikwa mkono na Gaspari, hadi sokoni, ili nionekane. Nilinunua chumvi nisiyoihitaji. Watu walinisalimu kama mtu aliyerudi safari ndefu, na wengine walinigusa bega wakajifanya wamejikwaa. Fransisi alikuwa kati ya mbao zake. Akanitazama juu hadi chini, akavuta kiti akanikalisha. "Sasa imebaki mi," akasema. Alitaka kumaliza jambo, lakini kwa njia yake. Mchana ule salamu yake isomwe redioni, jina lake lote, palepale kabla ya tangazo la kifo, na isirekodiwe: Mama Riziki aisome papo hapo kupitia mashine ile. Kama jina lake litakaa mahali pake, yataisha. Nilimtuma Gaspari studio na ujumbe huo. Jibu la Mama Riziki lilirudi mdomoni mwa Gaspari, aliyekuja akihema: "Amesema atasoma. Amesema umwambie mzee asisimame karibu na mbao, zisimwangukie akamletea kesi."

Fransisi alicheka, kicheko kifupi, akasogea akasimama katikati ya njia akiwa na redio mkononi. Soko lilikuwa linajua. Wauza viazi waliacha kupima. Aliyekuwa anasaga akaizima mashine. Sauti ya Mama Riziki ikatoka, tulivu: Fransisi, muuza mbao wa Muyinga, anawasalimu jamaa na marafiki zake wote, na anawaambia yuko mzima. Kisha akanyamaza.

Hapakuwa na sababu ya kunyamaza. Draiva ilikuwa imepona, kufuli lilikuwa mahali pake, nafasi haikuhitajika hata kidogo kati ya neno na neno. Gaspari alinishika mkono akaubana. Lakini ule ukimya uliendelea, tukisikia pumzi yake hewani, na nikaelewa kwamba anamwachia mtu yule muda wa kuondoka kabisa katika salamu kabla hajaufungua mlango wa pili. Fransisi alikuwa amefumba macho. Mishipa ya shingo yake kubwa ilikuwa imesimama kama kamba.

Tunasikitika kuwatangazia kifo cha, ikasema redio, na likafuata jina la mwanamke wa kilima cha mbali, mama wa watoto, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

"Asante Mungu!" Fransisi akapaza sauti, na soko zima likapaza pamoja naye, hata mimi. Kisha akasikia alichokisema. Akashusha redio, akavua kofia yake, akasimama kichwa wazi kwa ajili ya yule mama mpaka tangazo likaisha, nasi sote tukasimama hivyo hivyo, bila kutazamana.